Mnara wa Kware

Jumatatu, 3 Machi

"Kila ndege na nyumba yake, ukiwachanganya unatafuta balaa." Hayo aliyatamka shemeji yangu, kaka wa mke wangu, daktari wa meno, mbele ya mama mkwe, huku akichovya mkate kwenye chai yangu. Upuuzi. Kwa hesabu hiyo kila jino lingekuwa na mdomo wake. Nilimwambia hivyo. Akasema hilo si jibu. Ni jibu.

Chanzo: mama mkwe anahamia kwa dada yake, ambaye manyoya humbana kifua. Ndege wake sita wanatafutiwa makao: kasuku mmoja, chiriku wanne, kware mmoja. Nitakaa nao kwa majaribio, kisha Jumapili aje aamue kama wabaki kwangu au waende kwa shemeji. Nawataka. Ndio viumbe pekee katika ukoo huu ambao sijawahi kubishana nao.

Jumatano, 5 Machi

Nimechora kizimba kimoja cha ndege wote: mnara mwembamba wa ghorofa tatu, unaogusa dari. Kasuku chini, maana ana kiburi. Chiriku katikati. Kware, mnyonge anayetembea ardhini tangu dunia iumbwe, juu kabisa. Haki itendeke.

Fundi wa kuchomelea aliuliza kama kware mwenyewe ameomba. Nikamjibu kwamba wanaoonewa hawajui kuomba. Akashusha miwani yake ya kazi, nadhani ili asinione.

Shemeji akapita, eti kutusalimia. Akapima nafasi kati ya vyuma kwa kidole, akasema kichwa cha chiriku kinapita hapo na kinanasa. Nikamwambia vidole vyake abaki navyo vinywani mwa watu. Alipoondoka nikazungushia wavu. Kwa sababu zangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika, nami nimesahau kumtukana mtu tangu asubuhi.

Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni. Kware akaruka wima, bila kuchukua hata hatua moja, akagonga paa la chuma. Mwili kama ngumi ya mtoto. Nguvu yote ile alikuwa ameificha wapi? Akatua, akajikung'uta, akaendelea kudonoa. Mke wangu akasema akigonga tena tutamzika. Nimebandika sifongo ya kuoshea vyombo chini ya paa. Haya ni maboresho, si kushindwa.

Chiriku hawapandi. Nimewapa kimo chote kile, nao wamebanana kwenye kijiti kimoja, wanatazama kushoto na kulia.

Kasuku hasemi neno. Anatazama nati za milango.

Jumapili, 9 Machi

Tulikwenda stendi kumpokea mama mkwe. Tuliporudi, milango yote mitatu ya mnara ilikuwa wazi. Nati nilizozikaza kwa koleo hadi mkono ukaniuma zilikuwa zimelala ndani ya bakuli la maji. Kazi ya mdomo mmoja na ulimi mweusi mnene kama kidole gumba. Fundi mwenyewe asingezifungua vizuri hivyo.

Kasuku alikuwa juu ya kiti changu, anafumua mshono. Kware alikuwa chini ya kabati la vyombo, kwenye kiza, ametulia. Na chiriku! Walikuwa wakiruka kutoka kwenye fimbo ya pazia hadi mlango wa jikoni na kurudi, wanne pamoja, mstari ulionyooka, wakigeuka bila kugusana. Sikujua nyumba yangu ni ndefu hivyo. Nilisimama na mkoba wa mama mkononi, kimya. Mke wangu akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mama mkwe akakaa polepole. Akasema, "Unaona, mwanangu? Wamejichagulia." Shemeji, aliyekuja nyuma yetu, akafungua mdomo. Mama akamwambia afunge, hapa si kliniki.

Uamuzi: chiriku waende kwa shemeji, ambaye ametengeneza kizimba kirefu kilicholazwa, cha kuruka kutoka upande hadi upande. Kasuku naye aende huko, kwenye kizimba chake cha peke yake chenye kufuli. Kware abaki kwangu, lakini kwenye sanduku fupi, pana, lenye paa la kitambaa. Ananiachia huyo mmoja, alisema, kwa sababu ameniona nimenyamaza, jambo ambalo hakutegemea kuliona kabla hajafa.

Jumatano, 12 Machi

Kware anastawi. Leo mlango ulibamizwa na upepo. Akaruka, kitambaa kikampokea, akashuka salama. Kisha akalala ubavu kwenye mchanga, akajimwagia vumbi huku macho yakisinzia. Sijawahi kuona kiumbe aliyeridhika vile. Niliinama pale hadi magoti yakafa ganzi.

Ndipo ukweli uliponijia. Wazo la nyumba moja kwa ndege wote halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kimo. Sanduku fupi, paa la kitambaa: hilo ndilo jibu kwa kila chenye mbawa. Mke wangu anasema kasuku atakitafuna kitambaa kabla sijamaliza kukipigilia. Huyo naye ni dada wa mtu.

Nimewaandikia wafugaji wote barua ya kuchapishwa gazetini, na inamalizika hivi:

"Ninyi mnaofuga kasuku, ninyi wa chiriku, na hasa wewe daktari wa meno: vunjeni vizimba vyenu kesho asubuhi. Tengenezeni sanduku moja fupi, pigilieni kitambaa juu, muwaingize wote humo. Nitapita nyumba kwa nyumba kukagua."