Mfasiri wa Sinema Isiyo na Sauti

Jumatatu, 6 Machi 2023
Majengo, kwa shangazi. Habari mbaya. Philomène anaondoka Jumapili. Mjomba wake amewaita Bukavu, familia nzima. Kule Kiwanja tulikaa ukuta kwa ukuta miaka minne, nikamsalimia kila asubuhi, basi. Vita vikatukimbiza wote mpaka hapa Goma. Bado namsalimia. Zimebaki siku sita za kumwambia nampenda. Zinatosha kwa mtu mwenye mpango.

Ninao. Jumamosi jioni atakuja kwenye sinema ya Muzee Munyaneza, mtaa wa Murara. Muzee huvaa glovu nyeupe, huinamia kila mgeni mlangoni, na huzungusha mashine kwa mkono. Filamu zake hazina sauti. Anasema milio ya risasi tuliyosikia inatosha. Kwa hiyo mfasiri husimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea picha na kuwasemea waigizaji kwa Kiswahili, maneno akiyatunga mwenyewe. Nikiwa mfasiri mimi, mwigizaji atamwambia Philomène kila kitu, nami sitaona haya.

Shida moja: mfasiri ni Damascène, muuza vitenge. Ana sauti nzuri. Ananikera.

Jumatano, 8 Machi
Nilimwomba Muzee hiyo kazi. Alijibu kwa upole kwamba mfasiri anaye, labda siku sauti ikimkauka. Asante, Muzee. Wazo zuri sana.

Ijumaa, 10 Machi
Nimempeleka Damascène kwenye mpira, nikamkalisha katikati ya mashabiki. Alikaa kimya, anakula karanga. Ikabidi nipige kelele mimi kwanza ili nimchochee. Dakika tisini! Ametoka hana sauti kabisa, anaongea kwa mikono. Nilitaka kumsimulia shangazi ushindi wangu. Ukatoka mlio wa bata.

Jumamosi, 11 Machi
Tangawizi, asali, maji ya chumvi. Hakuna kitu. Ukumbi ulijaa, watu wakadai mfasiri. Damascène alionyesha koo lake, mimi langu. Muzee akauliza nani anaweza. Akasimama Philomène.

Kwenye kitambaa, bwana mwenye kofia alishika maua, akamtazama msichana, kisha akatazama viatu vyake. Philomène akafasiri: “Huyu mutu hasemi kitu. Tangu kule Kiwanja hasemi kitu. Angesema, huyu binti angebaki.”

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Nikasimama, nikapunga mikono. Wa nyuma wakaniambia nikae, nawazibia. Nikakaa. Moyo uliniuma vibaya.

Jumapili, 12 Machi
Sauti imerudi alfajiri! Nilikimbia mpaka bandarini. Philomène aliweka mzigo chini, akaniuliza kama nina neno. Mama yake akasogea pembeni. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ulimi.

Nikamwambia safari njema.

Akasubiri kidogo. Akabeba mzigo wake. Nilisimama pale mpaka boti sikuiona tena. Ninamkumbuka tayari. Nilimkumbuka hata alipokuwa mbele yangu.

Njiani nimepata mpango. Jumatano Damascène anakwenda Bukavu kununua vitenge. Nitamwomba amtafute Philomène, akae naye polepole, amwambie maneno yote ya mapenzi niliyoshindwa kusema. Anajua kusema, sauti yake imepona, na hana mke wa kumharakisha.