Jiko Langu na Wakili Abdulkadiri

Jumatatu, 9 Aprili 1934. Kismayo.
Askari wamelivunja jiko langu. Langu mimi Gharibu, niliyeshitaki! Nilitaka jirani yangu Athmani, fundi wa mashua kutoka kisiwa cha Chovai, aondoe banda lake mpakani. Wakili Abdulkadiri akaandika madai kwa Kitaliani, akageuza majina: mimi nikawa mshitakiwa. Hakimu akaamuru banda langu la mpakani, yaani jiko, livunjwe. Nikapiga kelele, mkalimani akafasiri kwamba nimeridhika. Sasa mke wangu Mwanalima anapikia uani, moshi unamfuata kila asogeapo. Hasemi nami. Nitamshitaki wakili. Kesho!

Jumanne, 10 Aprili.
Tatizo. Madai sharti yaandikwe Kitaliani, na mjini hapa anayewaandikia raia ni mmoja tu. Abdulkadiri. Mwanalima kafungua kinywa leo: niende kwa Athmani nikamtake radhi, maana mpaka wenyewe niliupima kwa hatua, tena nina homa. Sheria haijui, maskini.

Alhamisi, 12 Aprili.
Nimekwenda kwa Abdulkadiri. Nimemwambia namshitaki wakili mmoja mzembe. Akauliza nani. Nikasema naona haya kumtaja. Akacheka: bila shaka ni Hamidi wa Mogadisho, wakili mwenzake aliyemnyang'anya yeye mteja! Sikukubali, sikukataa. Akaandika kurasa nne huku anaimba. Akanifasiria kipande: mtu huyu ni balaa kwa wajane na mayatima. Nikamwomba aache nafasi ya jina mwishoni. Nimelijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa. Akili ni mali!

Jumatano, 18 Aprili.
Mahakamani. Abdulkadiri kaja kunitetea, kanzu imepigwa pasi. Ukurasa wa kwanza aliusoma kwa ngurumo. Wa tatu, mkalimani akafuta machozi. Wa nne akafika penye jina. Akavua miwani, akaivaa tena. Hakimu akauliza kama mshitakiwa yupo. Akajibu, sauti ndogo, kwamba yupo. Ana la kujitetea? Hana. Kila neno ni kweli, kaliandika mwenyewe. Hukumu: ajenge jiko upya kwa mikono yake. Nimeshinda! Nimemkumbatia mkalimani. Hakupenda.

Jumanne, 24 Aprili.
Wakili anajenga. Hajapata kushika udongo maishani. Athmani kachungulia, akasema kwa Kibajuni chake kwamba mchu, yaani mtu, hajengi vile, akaleta kamba ya kupimia. Nikairudisha. Kamba ya adui! Nimempimia wakili mpaka ule kwa hatua zangu, safari hii sina homa. Mwanalima kampa wakili chai. Mimi sikupewa.

Ijumaa, 27 Aprili.
Jiko limekwisha. Limeingia kwa Athmani dhiraa mbili. Mlango wa banda lake haufunguki, na mashua ya watu imo ndani. Baada ya sala kaja kwa adabu: tubomoe ukuta mmoja tu, yeye ataujenga upya, bure. Mwanalima alinishika mkono akanisihi nikubali. Nilikataa. Athmani kasema basi, atashitaki.

Sina wasiwasi. Nimekwisha kupata wakili. Nani aujuaye ukuta ule kuliko Abdulkadiri? Nilipomwomba alikubali papo hapo. Ujira hataki. Alitabasamu muda wote, hata akanisindikiza mpaka mlangoni. Mtu hana kinyongo kabisa.