Damu ya Shemasi Thurlow

Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Barua imefika! Mji wetu wa Wexcombe unatimiza miaka 325, na kamati ya sherehe inatafuta mtu wa kuvuta kitambaa na kulifunua jiwe la waanzilishi, pale uwanjani mbele ya kanisa, Jumamosi ya tarehe 15. Sharti ni moja. Awe mzao wa waanzilishi, na awe na ushahidi wa maandishi.

Ushahidi! Mimi, Merritt Thurlow! Miaka thelathini nimesimama nyuma ya kaunta ya duka langu la rangi nikiwaambia wateja kwamba mimi ni damu ya Shemasi Ezra Thurlow, ambaye baba yake aliukata mti wa kwanza hapa. Hakuna hata mmoja aliyeniomba karatasi. Walichukua rangi zao wakaenda.

Mwombaji mwingine ni mmoja tu: Lorena Pettibone, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane aliyerudia jina la kwao, mwalimu mstaafu. Kila akioka pai ya tufaha huniletea nusu. Pai nzuri sana. Lakini kuvuta kitambaa, hapana. Kofia nimeshanunua.

Dada yangu Hattie, ambaye naishi naye, kaniuliza kama kofia hiyo nayo ina ushahidi wa maandishi. Nikairudisha kwenye boksi lake.

Jumanne, 4 Oktoba

Maktaba, chumba cha kumbukumbu. Bi Quimby, mtunzaji, kaninyang'anya kalamu ya wino pale mlangoni, mbele za watu, akanipa kipande cha penseli kilichotafunwa. Wino hauruhusiwi karibu na vitabu vya kale. Nimesikia aibu kama mtoto wa darasa la pili.

Lakini kitabu cha mji kimenifuta machozi. Ezra Thurlow kamwoa Patience, 10 Februari 1690. Mwana wao Josiah kazaliwa 4 Desemba 1690. Huyo Josiah ndiye chimbuko letu sisi akina Thurlow wote tuliobaki. Miezi kumi baada ya harusi! Safi kabisa!

Kasoro ndogo. Jiwe la kaburi la Josiah linasema kazaliwa 1691. Kitabu cha ukoo alichochapisha babu yangu Lemuel kinasema 1689. Mashahidi watatu, miaka mitatu. Nikapiga kura. Kitabu cha mji kimeshinda kwa kura moja, yangu.

Bi Quimby alitaka kunieleza jambo fulani kuhusu kalenda ya zamani. Nikamwambia kalenda ninayo, nilipewa na kiwanda cha rangi, iko jikoni. Akasema basi angalau nisome na kitabu cha kanisa. Nikasema mashahidi watatu wametosha, wa nne ataleta fujo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika haraka nilimalize.

Bi Quimby alikwenda kupokea simu. Faili la Lorena lilikuwa juu ya meza yake. Nililifungua kwa ncha ya penseli, ili nisije nikasema uongo nikiulizwa kama nimeligusa. Samuel Pettibone, babu wa mababu zake, kafunga ndoa 12 Aprili 1688. Mwanawe wa kwanza, ambaye Lorena anatoka kwake, kazaliwa 3 Februari 1688.

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Miezi miwili KABLA ya harusi! Na Lorena miaka yote hii anakaa benchi la mbele kanisani!

Nimemwambia Hattie. Hakucheka. Alisema huyo mtoto ana karibu miaka mia tatu, nimwache apumzike. Akanikumbusha nani alinipikia supu mwezi mzima mwaka ule nilipovunjika nyonga. Nakumbuka. Ndiyo maana naona aibu. Lakini sharti ni sharti, na kwangu mimi mzao ni wa ndoa.

Nimeamua nisimwambie mtu yeyote. Isipokuwa kamati. Na kinyozi, kwa sababu aliuliza habari za nyumbani.

Jumamosi, 8 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya chakula cha maharage kanisani, ukumbi wa chini, kama kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mji mzima ulikuwapo. Lorena alileta chungu kikubwa cha marehemu mama yake, maharage yamepikwa kwa asali ya miwa na nyama ya nguruwe tangu alfajiri. Alinipakulia mimi kwanza. Nikala. Nikaongeza. Mwenyekiti wa kamati akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kumtaja mvuta kitambaa.

Nikasimama. Nikasema nasikitika sana kulazimika kusema haya. Sikusikitika hata kidogo, nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nikasoma tarehe zote mbili. Nikatua kidogo baada ya "Februari", kama nilivyopanga.

Lorena aliweka kijiko chini. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi kwenye nywele. "Merritt," alisema taratibu, "si ungekuja tu kuniuliza nyumbani?" Akachukua koti lake, akaondoka. Chungu akakiacha.

Ndipo Bi Quimby akainuka. Alisema zamani zile, na mpaka 1752, mwaka katika nchi hii ulianza tarehe 25 Machi. Siku zote kabla ya hapo, Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi, zilikuwa mkia wa mwaka uliokuwa ukiisha. Kwa hiyo Februari 1688 ilikuja baada ya Aprili 1688. Mwana wa Samuel alizaliwa karibu miezi kumi baada ya harusi. Akasema alijaribu kunieleza Jumanne.

Ningeweza kuondoka wakati ule. Lakini Hattie, dada yangu wa tumbo moja, akauliza kwa sauti kutoka meza ya mwisho: "Na ile Februari 1690 ya kina sisi je?"

Bi Quimby akatazama sahani yake. Akasema asingependa. Watu wakasema wangependa. Basi, akasema, harusi ya Ezra ilikuwa mwishoni kabisa mwa 1690, na Josiah alizaliwa Desemba. Siku ya harusi mtoto alikuwa na miezi miwili.

Mtu mmoja alicheka mdomo ukiwa umejaa mkate. Kisha wengine. Nikaendelea kula maharage ya Lorena, kwa sababu sikujua uso wangu niupeleke wapi.

Jumapili, 9 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma. Hattie kasema kichwa hakikuwahi kuhusika.

Kaleta chungu cha Lorena, kakiosha, kakiweka mezani mbele ya kiti changu. Nimekula uji wa shayiri nikikitazama. Mapazia ya Lorena yamefungwa tangu jana.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimerudi maktaba. Nilitaka kupata kosa lolote, angalau Ezra awe na udhuru. Bi Quimby kanifungulia kitabu cha kanisa, ukurasa ule ule nilioukataa.

Wiki moja kabla ya harusi, Patience alisimamishwa mbele ya kusanyiko zima akiri dhambi yake, kama walivyofanyiwa watu wa siku zile. Wakamuuliza baba wa mtoto ni nani. Akamtaja: Gideon Pettibone, ndugu yake Samuel, aliyekwenda baharini na hakurudi. Kisha karani kaandika kwamba Ezra Thurlow aliinuka kutoka benchi lake, bila kuitwa na mtu, akasimama kando ya yule mwanamke. Akasema mtoto atabeba jina lake.

Nimesoma mara tatu. Sina hata tone moja la damu ya shemasi. Mimi ni Pettibone!

Lakini si hilo linalonichoma. Yule mtu alisimama katika kanisa hili hili ili mwanamke asiaibike peke yake. Mimi nilisimama ili mwanamke aaibike, na tumboni nina maharage yake. Nimejaa aibu mpaka masikioni. Penseli nimeisahau mfukoni.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimevuka barabara na chungu mikononi. Lorena alifungua mlango nusu. Nikasema yote: faili, ncha ya penseli, kinyozi, mazoezi ya kioo. Nikasema nimekukosea, Lorena, na sina la kujitetea. Akaniacha nimesimama pale na chungu mpaka mikono ikafa ganzi. Ilikuwa haki yake.

Nikamalizia na habari ya Gideon. Akanitazama. Akaanza kucheka, akashika fremu ya mlango. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimlisha pai binamu yangu? Haya ingia, binamu. Futa miguu kwanza."

Kamati imemchagua yeye. Na yeye kawaambia tutavuta pamoja, yeye ncha moja ya kitambaa, mimi nyingine, na kwamba mimi ndiye nitakayesema maneno machache kwenye kipaza sauti, nipate nafasi ya kusafisha jina. Nimelia juu ya pai. Pai ya kulilia, kwa kweli.

Nimeapa mbele ya Hattie: vitabu vya kale basi. Hattie kaniomba niape tena.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimepita maktaba kurudisha penseli tu. Haki ya Mungu, penseli tu.

Kwa bahati kitabu cha mji kilikuwa wazi, baada ya mimi kukifungua. Watoto wa mzee Pettibone, mwanzilishi. Samuel, babu wa Lorena, kazaliwa 1 Aprili 1660. Gideon, babu yangu, kazaliwa 15 Machi 1660.

Nikahesabu kwa vidole. Gideon ndiye mkubwa! Kamzidi Samuel siku kumi na saba! Walikuwa pacha, bila shaka. Maskini mama yao, uchungu wa siku kumi na saba!

Bi Quimby aliuona ukurasa, akafungua mdomo. Nikamwambia asante, nina haraka, nikampa penseli yake.

Basi mambo yamebadilika. Tawi la kifungua mimba ni langu. Haiwezekani kifungua mimba ashike ncha moja ya kitambaa kama mtu anayesaidiwa kutandika kitanda. Lazima avute yeye. Namwonea aibu Lorena, yeye na benchi lake la mbele, lakini afadhali alisikie kutoka kwa ndugu wa damu.

Nilifikiri nivuke barabara nikamwambie nyumbani. Lakini taa yake ya jikoni inawaka, naona anaoka pai ya kesho, na sipendi kumkatiza mtu kazini. Isitoshe kipaza sauti ninacho mimi. Hotuba nimeifanyia mazoezi mara nne. Natua kidogo baada ya "Machi".