Pikipiki ya Baba Nyasini

Jumatatu, 4 Novemba

Mke wangu, Glenys, amenipa siku. Ijumaa saa kumi jioni pikipiki iwe na cheti cha ukaguzi, la sivyo ataikokota mwenyewe hadi kwenye nyasi za mbele, pale kati ya uzio na barabara, ikae na taka nyingine kubwa zinazosubiri lori la halmashauri. Bandani inapokaa anataka kuweka cherehani zake. Miaka tisa imetosha, kasema. Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba yamebaki mambo mawili tu: kuiunganisha na kuifanya iwake.

Ile si taka. Ni pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1967, ya marehemu baba. Hakuwahi kuniachia niiendeshe hata mara moja, kisa niliwahi kutumbukia bwawani na baiskeli. Lakini Athol Pickering, jirani yangu wa mkono wa kushoto, baba alimfundisha kuendesha kwa pikipiki hiyo hiyo. Athol! Miaka arobaini na mbili sasa ananikumbusha.

Kwa hiyo mpango. Kwanza kupanga vipuri. Banda dogo, nikavitoa nje, nikatandaza turubai la bluu kwenye nyasi za mbele na kuvipanga kwa ukubwa. Nikavipangusa kimoja kimoja. Vilipendeza kweli. Nikaingia ndani kunywa chai, na kipande cha mkate, na kingine.

Kurudi, turubai halipo. Vipuri havipo.

Kisha nikatazama mtaa: makochi nje, magodoro nje, friji la namba kumi na tano nje. Ni wiki ya kutoa taka kubwa, na mimi nimepanga urithi wangu juu ya nyasi kama mtu anayefungua duka la bure.

Siwezi hata kupiga kelele. Mwaka juzi nilichukua hita ya Athol mbele ya uzio wake, akalalamika, na mimi nikatangaza mbele ya mtaa mzima kwamba kilicho nyasini hakina mwenyewe. Watu walinipigia makofi.

Jumanne, 5 Novemba

Sikukuu ya mbio za farasi. Jimbo zima la Victoria limepumzika na kofia za ajabu kichwani.

Hesabu ya majeruhi. Injini, fremu na tangi vipo salama bandani. Vilivyokwenda: taa ya mbele, siti, gurudumu la mbele, kabureta, ekzosi na honi.

Nimeanza msako asubuhi. Taa nimeikuta kwa Bi Pham, namba tisa. Ameshaijaza udongo na kupanda maua ya zambarau. Hakutaka kuitoa. Nikamwambia ni kumbukumbu ya marehemu. Akasema basi nimkatie nyasi zake kabla ya Jumapili, wageni wake wanakuja. Nikakubali haraka. Mashine yangu ya kukatia nyasi haijawaka tangu Pasaka, lakini hilo hakuuliza.

Siti ilikuwa kwa mbwa wa namba kumi na mbili. Tulivutana. Nimerudi na sehemu kubwa.

Vilivyobaki vyote, kasema Bi Pham, vilipakiwa kwenye toroli la Athol.

Mpango safi. Athol huandaa chakula cha mchana sikukuu hii kila mwaka, mtaa mzima hualikwa. Mbio huchukua dakika tatu na ushee, na kwa dakika hizo hakuna binadamu katika jimbo hili anayetazama kitu kingine. Nilivaa kofia pana ya Glenys yenye manyoya ili nisitambulike kwa nyuma. Farasi walipotoka, watu wakaanza kuunguruma, nami nikanyata hadi kwenye banda lake.

Vyote vilikuwa rafuni. Amevisafisha. Amevibandika vikaratasi vya majina. Na chini ya rafu, kwenye kiti cha kukunja, alikaa Athol mwenyewe na bia yake. Kumbe hapendi farasi. Akaniuliza kwa upole kama natafuta choo. Nikasema ndiyo. Akanionyesha. Ikabidi niende.

Jumatano, 6 Novemba

Nimetuma ujumbe kwamba ni haki yangu kurudishiwa vipuri. Athol akajibu juu ya uzio, sauti ya kusikika hadi kwa Bi Pham: "Jirani, kilicho nyasini kina mwenyewe siku hizi? Tangu lini?"

Nikamwambia hali ya pikipiki ni tofauti na ya hita. Akaniuliza hita iko wapi. Iko kwa shemeji yangu, lakini sikuona sababu ya kuingiza familia.

Mchana akaja na masharti. Atarudisha kila kitu, na atanisaidia kuunganisha. Lakini ikipata cheti, wa kwanza kuiendesha ni yeye. "Mara moja tu, Kelvin. Mzee alikuwa ananisubiri pale getini akitabasamu."

Kwangu hakuwahi kutabasamu getini. Iliniuma, nakiri. Miaka tisa nimeifungua pikipiki hii nikiwaza siku moja tu, mimi juu yake, wa kwanza, na kama baba anaona huko aliko basi aone. Na sasa Athol tena.

Nikakubali. Tukapeana mikono. Mkono wa kushoto nilikuwa nimepishanisha vidole nyuma ya mgongo, ishara ya hapa ya kufuta ahadi, kwa hiyo haihesabiki.

Alhamisi, 7 Novemba

Kazi tangu asubuhi. Athol anajua mambo, inakera. Anaweka boliti bila kutazama. Mara tatu amefungua nilichofunga na kukigeuza upande mwingine.

Alipokwenda kula nikafunga ekzosi peke yangu ili nami niwe na mchango. Aliporudi akauliza kama nimechungulia ndani yake kwanza, maana nyigu wa hapa hujenga nyumba za matope katika kila tundu. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Sikuwa nimechungulia.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga kiki arobaini. Mguu ukakataa. Athol akasema, "Nyigu." Nikasema plagi. Tukabadili plagi. Akasema, "Nyigu, bwana." Nikasema petroli ya siku hizi haina nguvu. Kiki ya hamsini na tatu ukatoka mlio wa bunduki, na donge la udongo likaruka kutoka kwenye ekzosi, likavuka ua, likatua katikati ya shuka nyeupe za Glenys zilizokuwa kwenye kamba.

Kisha ikawaka. Ule mlio! Nilikuwa na miaka saba tena, nimesimama barazani nikisikia baba anarudi kutoka kiwandani. Nikalia kidogo. Athol akageuka kutazama mti. Nilimwambia ni vumbi la nyigu.

Glenys amenifulisha shuka. Ukaguzi ni kesho saa tisa na nusu kwenye gereji ya Despina, chini ya kilima.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepata mpango wa kumshinda Athol bila kuvunja ahadi. Pikipiki haina namba, haitakiwi kuendeshwa barabarani, na yeye ndiye mwenye trela. Tulipatana aje kuipakia saa tisa. Lakini gereji iko chini ya kilima! Pikipiki isiyowashwa si pikipiki, ni baiskeli nzito. Nikaitoa saa nane na nusu, kimya kimya, nikaikalia, nikaachia breki.

Wa kwanza kuiendesha. Mimi. Kwa mita kama mia mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Victoria. Kisha wale ndege weusi na weupe, ambao msimu huu wa makinda hawamwamini mtu yeyote mwenye kofia ya pikipiki, wakanishukia mmoja baada ya mwingine hadi chini. Nimeingia gereji nikipunga mkono mmoja na kupiga mayowe.

Despina ni mama mfupi asiyecheka. Alikagua kila kitu. Tairi, sawa. Breki, sawa. Taa, akatoa ua moja la zambarau, sawa. Kisha akabonyeza honi. Hakuna honi. Waya mbili tu zinaning'inia. Akasema bila honi hakuna cheti, na yeye hufunga saa kumi kamili.

Ilikuwa kumi kasoro dakika ishirini. Na Glenys huyo anaingia na saa yake mkononi.

Nikaeleza kwamba nina sauti kubwa na naweza kupiga kelele panapohitajika. Despina akaanza kuandika kwamba imeshindwa.

Ndipo Athol akaingia na trela tupu. Hakuuliza kitu. Akatia mkono mfukoni akatoa honi, imebandikwa kikaratasi chake. Aliizuia tangu Jumatano. "Nilijua utaondoka bila mimi," akasema. "Nakufahamu tangu bwawani."

Nikamwomba msamaha mbele ya watu wote. Ilitoka kwa shida lakini ilitoka. Akaifunga kwa dakika sita. Honi ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Despina akapiga muhuri saa kumi kasoro mbili.

Athol akapanda, akaiwasha kwa kiki moja, akaniambia, "Panda nyuma, Kelvin." Tukazunguka uwanja wa gereji, mimi nimemshika kiuno, Glenys anacheka hadi anafuta machozi. Raundi ya pili akasimama, akashuka, akaenda kusimama getini. Akatabasamu. Nikaendesha raundi nzima peke yangu na sikuanguka.

Jioni nikampelekea katoni ya bia. Nikamwambia hita yake itarudi na kwamba kanuni yangu ya nyasi ilikuwa ya kipumbavu. Glenys amesema banda ni langu, cherehani zitakwenda chumba cha wageni. Najiona mtu mpya.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi nzuri. Bi Pham kanikumbusha nyasi zake, wageni ni kesho. Mashine yangu bado haiwaki.

Lakini Athol ameosha mashine yake ya kukatia nyasi na kuiacha mbele ya uzio wake ikauke. Kwenye nyasi! Wiki haijaisha, lori ni Jumatatu. Mwenyewe ameingia ndani kunywa chai. Nimeiokoa kabla hajapita mtu asiye mwaminifu.

Mlio wake sikuupenda, nimeifungua nione. Glenys ameuliza itakuwa tayari lini. Nimemwambia yamebaki mambo mawili tu.

Banda limejaa pikipiki, kwa hiyo vipuri nimevitandaza kwenye nyasi za mbele, kwa ukubwa, juu ya shuka moja ya Glenys ambayo madoa yaligoma kutoka. Vimependeza kweli. Naingia kunywa chai.