Ombi la Kurudishiwa Damu ya Mke Wangu Ilivyokuwa

Runyenjes,
Juni 1994

Mheshimiwa Daktari,

KUH: CHEMBE ZA DAMU ZA WAMUYU

Salamu nyingi. Mimi ni Njura, mkulima wa chai, yule mzee aliyesinzia kwenye benchi lako mkewe akitolewa damu. Uliitazama kwa hadubini ukasema chembe zake nyekundu ni ndogo kupita kiasi, tena zimepauka, kwa kuwa mwili umekosa madini ya chuma. Ukampa vidonge. Daktari, nani alikutuma? Zilikuwa ndogo, ndiyo, lakini zilikuwa zinatutosha. Sasa ona uliyoniletea nyumbani.

1. Zamani Wamuyu akipanda kilima kutoka mtoni alikaa chini kila baada ya hatua chache, akifika analala, hana swali. Watu wakanisifu: Njura ameoa mke mtulivu! Siku hizi amemaliza mstari wa chai mimi bado natafuta kikapu, na jioni ana nguvu za kuniuliza nilikuwa wapi.

2. Ini. Tangu babu zetu, kwetu mbuzi akichinjwa ini ni la mwenye boma. Wewe ukamwandikia Wamuyu ini, eti dawa! Jumapili nililetewa mapafu. Mimi, mapafu! Nikalalamika kwa mama yangu mzazi, naye akasema agizo la daktari ni agizo, akamwongezea kipande.

3. Umesema chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Haya basi, mkulima wa chai mzima nateremsha githeri kwa maji kama mfungwa! Kikombe naletewa baadaye sana. Majirani wakijua nitauficha wapi uso wangu?

4. Alikuwa akibandua udongo wa ukuta wa jikoni anatafuna, nawe ukasema hata hiyo ni dalili. Lakini palikuwa pamebaki tundu zuri, nachungulia kuona kama chakula kimeiva bila kusumbua mtu. Sasa hamu imemwisha na tundu ameliziba. Nabisha hodi kwangu mwenyewe!

Kwa hayo yote, nakuomba kwa heshima usimamishe vidonge, chembe zirudie udogo wake. Si lazima zote. Hata nusu nitashukuru.

Nisalimie wauguzi, yule mama wa sindano, na mlinzi wa lango.

Ni mimi niliyeonewa,
Njura Mugendi

Tanbihi: Nilikuwa natoka kwenda posta nikamsikia Wamuyu anaimba zizini, akikamua ng'ombe. Daktari, nilipomwona mara ya kwanza alikuwa akiongoza kwaya. Miaka hii yote ya kimya nilidhani amenichoka mimi. Nimesimama nyuma ya zizi mpaka ndoo ikajaa. Ini namwachia. Vidonge vimebaki vichache, kwa hiyo barua hii naileta mwenyewe kesho asubuhi; ukimaliza kuisoma, unipe vingine hapo hapo.