Mtume wa Viatu Vinavyong'aa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa dogo jirani na kinyozi: "Anahitajika mtume. Chumba cha juu bure." Sukari alilisoma huku akipangusa viatu vyake kwa leso. Viatu hivyo vyeusi, ving'aavyo kiasi cha mtu kujitazama akinyoa ndevu, ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Asubuhi hiyo mwenye nyumba, aliyechoka kulishwa maneno matamu, alikuwa amemtupia virago nje.

"Nipate chumba kwanza," Sukari alijiambia. "Utume nitajifunzia humo humo."

Ndani alimkuta Mama Mkubwa, fundi cherehani na mkuu wa baraza la kanisa. Kando yake alikaa kaimu mtume, mtu mpole aliyeitwa Kimya, akiwa peku.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Naitwa Sukari."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Unavaa namba ngapi?" Kimya aliuliza.

"Arobaini na mbili."

"Ahaa," alisema Kimya, kisha akalitendea haki jina lake.

Mama Mkubwa alimmiminia mgeni chai kwanza, maana aliona midomo yake imekauka.

"Siku hizi kila mwenye kipaza sauti anajiita mtume," alisema. "Sisi tunafuata masharti. Mtume awe amemwona Bwana kwa macho yake, na Bwana mwenyewe awe amemtuma. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, Mama. Stendi ya mabasi."

"Alivaa kitambaa gani?"

"Mwanga, Mama. Mwanga mtupu."

Mama Mkubwa alisikitika kidogo. Cherehani ilikuwa imemlea, na swali hilo lilimkaa moyoni miaka mingi.

"Akakutuma wapi?"

"Hapa hapa. Akaniambia nitafute mlango wa bluu."

"Tumeupaka jana tu."

"Ndiyo maana nimezunguka sana, Mama."

Kimya alikohoa ndani ya kikombe.

"Paulo alipigwa, akalala njaa, meli ikamvunjikia," Mama Mkubwa aliendelea. "Wewe umeteseka wapi?"

Hapo Sukari, kwa bahati mbaya, akasema kweli. "Sina pa kulala leo, Mama."

Mama Mkubwa alimsogezea sahani ya mkate, yote.

Likabaki sharti la mwisho. Mitume wa kwanza walipopungukiwa na mmoja, walipiga kura kati ya wawili, kwa hiyo kaimu naye alipaswa kugombea. Kila mmoja alitakiwa kuandika jina lake na kutumbukiza karatasi kwenye kopo la vifungo. Sukari, ambaye vidole vyake viliwahi kuondoa saa mkononi mwa askari akiwa anamsalimia, alitumbukiza mbili.

Mama Mkubwa aliomba, akatikisa kopo, akachomoa karatasi. "Sukari." Akachungulia ndani. "Na hii Sukari. Na hii pia." Machozi yakamlenga. "Mbingu leo hazikutaka ubishi kabisa."

Sukari alihesabu moyoni. Mbili zilikuwa zake. Akamtazama Kimya. Kimya alikuwa akiikagua dari kwa unyenyekevu mkubwa.

"Sasa," Mama Mkubwa alisema, "Bwana alipowatuma wale kumi na wawili, aliwakataza kuchukua mkoba na viatu."

Kimya alikuwa ameshainama, akimfungua Sukari kamba za viatu.

Chumba cha juu kilikuwa na kitanda kizuri, dirisha, cherehani, na mlima wa turubai uliofika darini. "Paulo hakumlemea mtu," Mama Mkubwa alieleza. "Alishona mahema. Nasi tunayakodisha. Mtume wetu hutoka siku anapopatikana mwingine."

"Mimi naenda kuhubiri," Kimya aliaga. Viatu vikasikika vikishuka ngazi, ko, ko, ko, vikakata kona bila kusita.

Jioni Mama Mkubwa alipanda na uji, akamfunga kitambaa kwenye kidole kilichochomwa na sindano. Kisha akatoa soksi nene. "Za marehemu mume wangu. Viatu vimekatazwa. Soksi hazikutajwa."

Sukari alizivaa bila kupata neno tamu la kusema. Usiku huo alilala fofofo.

Mlima wa turubai ulikuwa umeshuka hadi usawa wa dirisha siku alipoitwa chini kumsalimu mgombea mpya, kijana wa jino la dhahabu, aliyeanza kusimulia maono yake tangu mlangoni. Sukari alimvutia kiti, akayatazama kwa upole mkubwa mabuti ya ngozi aliyovaa kijana.

"Karibu sana, ndugu yangu," alisema. "Unavaa namba ngapi?"