Cheti cha Turbo Inayovuja

Ngatia hakujua magari. Alijua watu, na mwaka ule wa 1994 watu wa Nyeri wenye pesa walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili gari lipate nguvu. Aliyekuwa nayo aliitaja hata kwenye maombi ya kanisani. Kwa hiyo siku Ngatia alipopeleka kabeji Nanyuki akamwona fundi mmoja akipima turbo kwa kifaa alichojitengenezea nyumbani, alisahau kabeji zake juani.

Kifaa chenyewe kilikuwa kipande cha bomba la plastiki, kimezibwa upande mmoja kwa kifuniko, na kifuniko kimetobolewa kikapachikwa valvu ya tairi. Fundi alichomoa mpira wa kuvutia hewa, akaingiza bomba lake mahali pake, akakaza kwa klipu, akajaza upepo kwa pampu, kisha akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Palipovuja, sabuni ilitoa viputo.

"Na kama haivuji?" Ngatia aliuliza.

"Unamwambia mwenyewe aende nyumbani."

Ngatia alisikitika kweli kweli. Kifaa kizuri namna ile, na kina ugonjwa wa ukweli.

Aliporudi Ruring'u alijitengenezea cha kwake, ila ndani ya bomba alificha kifilimbi alichong'oa kwenye mwanasesere wa mpira. Kila gari lililopimwa lilipiga ukelele. Mwenye gari alipauka, Ngatia akazungusha utepe mweusi mahali popote, akakichomoa kifilimbi kwa siri, akapima tena: kimya. Kisha alitoa cheti chenye muhuri aliouchonga kwa kiazi. Hata Sajini Kefa wa polisi, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi asiyecheka ovyo, alilipa mara mbili kwa gari lile lile. Fundi Oloo, mwenye gereji ng'ambo ya barabara, alitikisa kichwa tu.

Ndipo akaja Wakonyo, mama mwuza mchele kutoka Wang'uru, akiendesha Pajero ya kijani yenye neno TURBO mlangoni kwa herufi za kung'aa.

"Kijana wangu, nimesikia uko na mashini ya kusikia turbo," alisema. "Hii yangu ikipanda mlima inachoka."

Ngatia aliitazama Pajero, akaitamani papo hapo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa pick-up, Peugeot aliyoachiwa na marehemu baba yake, kitu pekee alichomiliki ambacho hakikuwahi kumdanganya mtu. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini nani humwita mheshimiwa mtu anayeshuka kwenye pick-up ya kabeji? Alipachika bomba, akapiga pampu. Filimbi ililia mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

"Pole sana, mama. Hii imeoza ndani. Ikipasuka njiani, kiatu yako itaokotwa Sagana."

Wakonyo aliketi juu ya jiwe, akajifuta macho kwa leso. "Na mchele yangu nitabeba na nini?"

Hapo Ngatia akajawa na huruma, huruma ya aina yake. Alijitolea kubaki na mzigo huo yeye mwenyewe: Pajero kwake, pick-up kwa mama.

"Na hiyo pick-up iko na turbo?"

"Haina, mama."

"Afadhali. Hizo vitu zimenimaliza." Aliinuka kutoka kwenye jiwe. "Lakini niandikie karatasi. Watu wasiseme ati nilidanganya mtoto wa wenyewe. Andika turbo iko, na inavuja."

Ngatia aliandika kwa furaha, akagonga muhuri mara tatu. Walipeana funguo na vitabu vya magari, kila mmoja akatia sahihi, na mama akaondoka na nakala yake.

Kesho yake, kwenye kilima cha kwanza, Pajero ilipitwa na watoto wa shule. Walikuwa wakitembea. Ngatia aliikokota hadi kwa Oloo. Fundi alifungua boneti, akachungulia, akaleta tochi, akachungulia tena.

"Hapa hakuna turbo. Na haijawahi kuwa." Alikwaruza mlango kwa ukucha, herufi T ikabaki kidoleni. "Hii ni gundi."

"Lakini ililia," alisema Ngatia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye mwenyewe kuiamini mashine yake.

Alikimbia kituoni. Sajini Kefa aliandika malalamiko yake polepole, akasoma cheti, akaweka kalamu chini.

"Sasa nisaidie. Ama hiyo gari iko na turbo, na huyo mama hana makosa. Ama mashini yako hulia hata mahali hakuna turbo." Aliichukua tena kalamu. "Na kwangu ililia mara mbili. Niandike gani?"

Ngatia aliikumbuka pick-up ya baba yake, akaona uchungu hata machozi yakamlengalenga.

"Andika turbo iko, afande."

"Sawa. Basi kama iko, nifikishe mjini."

Walipanda kilima wote wawili, polepole, Kefa akitazama saa. Katikati ya mlima Peugeot iliyojaa magunia ya mchele iliwafikia, ikapunguza mwendo, ikaenda nao sambamba. Wakonyo alitoa kichwa dirishani.

"Kijana wangu, hiyo turbo inaendeleaje?"

Sajini aligeuka kumtazama dereva, akisubiri jibu.

"Iko, mama," alisema Ngatia. "Inavuja kidogo tu."